Jezi ya Samatta ya Wembley: nitajuaje kama ndiyo yenyewe?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkusanyaji mdogo hapa Mwanza, nina jezi kama kumi na mbili hivi. Kuna mtu ananiuzia jezi ya Aston Villa ya Mbwana Samatta. Anasema ndiyo aliyovaa kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley mwaka 2020, na ndiyo aliyofungia lile goli. Ina saini mgongoni na cheti chenye stika inayong'aa. Anataka shilingi milioni sita, na anasema kuna mtu wa Nairobi ataichukua Ijumaa nikichelewa. Nitajuaje kama ndiyo yenyewe?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa pesa. Wengi hunitafuta wakiwa wameshalipa, na hapo linalobaki kwangu ni kuwapa pole.

Kwanza hiyo Ijumaa iondoe kichwani. Mtu wa Nairobi huenda yupo na huenda hayupo, lakini hana uhusiano wowote na ukweli wa jezi. Mwambie muuzaji kwamba unaitaka, ila unaomba siku kumi za kuikagua. Mwenye mali halali mara nyingi hukubali, kwa sababu jezi iliyokaguliwa ikaonekana safi humpandia bei yeye mwenyewe, hata asipokuuzia wewe.

Sasa tuje kwenye jezi. Muuzaji wako amekuambia mambo matatu kwa pumzi moja. Amesema hii ni jezi halisi ya Villa. Amesema Samatta aliivaa siku ya fainali. Amesema aliifungia goli. Kila jambo hapo lina ushahidi wake, na ushahidi wa moja haubebi lingine. Jezi inaweza kuwa imetoka kweli kwenye stoo ya Villa na isiwahi kugusa mwili wa mchezaji. Inaweza kuvaliwa na Samatta mwenyewe, lakini kwenye mechi nyingine. Inaweza hata kuvaliwa Wembley siku ile ile na bado isiwe ya goli. Hilo la mwisho ndilo linalowashangaza watu, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Wachezaji wa ligi kubwa mara nyingi huandaliwa jezi zaidi ya moja kwa kila mechi. Moja ya kipindi cha kwanza, nyingine inatundikwa kusubiri mapumziko, na wakati mwingine ipo ya ziada ikichanika au ikiingia damu. Wapo wanaobadilisha wakati wa mapumziko na wapo wanaoendelea na ile ile. Kwa hiyo baada ya mechi moja zinaweza kubaki jezi mbili au tatu zenye jina na namba ile ile, zote zimetoka chumba kimoja, na moja kati yake haikuvaliwa kabisa.

Ikumbuke mechi yenyewe. Ilikuwa tarehe 1 Machi 2020, Villa na Manchester City. City walitangulia kwa mabao mawili, la Sergio Agüero na la Rodri, kisha dakika ya 41 Anwar El Ghazi akapiga krosi na Samatta akaifuata kwa kichwa. Mechi ikaisha 2-1. Mimi niliitazama kwenye kibanda cha mpira, na mzee aliyekaa mbele yangu alisimama bila kusema neno, akavua kofia, akabaki hivyo mpaka mpira ulipoanzishwa tena katikati. Ni mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Samatta awe Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na tayari alikuwa amefunga Wembley. Kwa hiyo naelewa kwa nini unaitaka jezi hii, na kwa nini kuna mtu anaona inafaa kuiigiza.

Lakini dakika ya 41 ni kipindi cha kwanza. Jezi ya goli ni ile aliyotoka nayo chumbani kabla ya mechi kuanza. Ukilinganisha jezi yako na picha ya dakika ya 60 ikakubali, utakuwa umethibitisha kuwa ilivaliwa Wembley. Goli bado hujalithibitisha, mpaka uikute jezi hiyo hiyo kwenye picha ya kabla ya mapumziko, na picha bora ni ile ya goli lenyewe au ya kulishangilia.

Usidhani ninakuchosha kwa mambo madogo. Jezi maarufu kuliko zote katika soka iliingia kwenye mgogoro wa aina hii hii. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca jijini Mexico City, Diego Maradona aliifunga Uingereza mabao mawili, la mkono dakika ya 51 na lile la kuwapiga chenga karibu nusu ya timu dakika ya 55. Filimbi ilipolia, kiungo wa Uingereza Steve Hodge alibadilishana naye jezi. Hodge akaitunza, baadaye akaliazimisha jumba la makumbusho ya soka la Uingereza, ambako ilikaa takriban miaka 20. Kampuni ya mnada ya Sotheby's ilipotangaza mwezi Aprili 2022 kwamba inaiuza, familia ya Maradona ilisema hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, na kwamba ya mabao iko kwingine.

Hakuna aliyedai kuwa ni feki. Wote walikubali kwamba Maradona aliivaa siku ile, katika mechi ile. Ubishi ulikuwa juu ya kipindi tu, na kipindi hicho kilikuwa na thamani ya mamilioni ya pauni.

Kauli ya Hodge peke yake isingeumaliza ubishi, na kauli ya familia isingeumaliza vilevile. Kilichotegemewa ni picha. Sotheby's iliwapa kazi wataalamu wa Resolution Photomatching, ambao waliiweka jezi sambamba na picha za mchezo, wakakagua nembo, mistari na namba, wakahitimisha kuwa ndiyo iliyovaliwa mabao yote mawili yakifungwa. Tarehe 4 Mei 2022 iliuzwa kwa takriban pauni milioni 7.1.

Wakaguzi wale walisaidiwa na historia ya jezi zenyewe. Kocha wa Argentina, Carlos Bilardo, alitaka jezi nyepesi kwa ajili ya joto la mchana, kwa hiyo jezi zile za bluu zilinunuliwa dukani Mexico City siku chache tu kabla ya mechi. Nembo za Argentina zilishonwa upesi upesi, na namba za rangi ya fedha zikabandikwa kwa pasi. Kazi ya mikono ya haraka namna hiyo haizai mapacha. Nembo moja inakaa upande kidogo, namba nyingine inapanda juu kidogo, na tofauti hizo ndizo zinazoitambulisha jezi moja miongoni mwa wenzake.

Jezi yako ya kampuni ya Kappa imetoka kiwandani na zimeshonwa nyingi za aina yake, lakini jina na namba mgongoni hubandikwa kwa mashine ya joto, na mashine hiyo inaendeshwa na mtu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kazi hii tunaiita kulinganisha na picha. Wengi wanaijua kwa jina na kuikosea kwa vitendo. Wanaweka picha mbili pembeni, wanaona rangi ileile, mdhamini yuleyule W88, namba 20 ileile, wanafurahi. Hapo wamethibitisha kwamba jezi inafanana tu, na jezi za Villa za msimu ule zinazofanana na hiyo zimejaa kote. Unachokitafuta ni kitu kilichotokea kwa bahati, ambacho hakikupangwa na aliyebuni jezi, na ambacho hakiwezi kujirudia kwa namna ileile kwenye jezi nyingine.

Chukua jina lenyewe, SAMATTA. Lina A tatu na T mbili zinazokaa jirani. Anza na hizo T. Pima nafasi kati yake juu, kwenye vichwa vyao, halafu ipime chini kwenye miguu. Ikiwa herufi moja imeinama hata kwa unene wa kucha, nafasi ya juu na ya chini hazitalingana. Kisha nenda kwenye A zote tatu uangalie kila moja imesimama juu ya mstari gani wa kitambaa. Kama kitambaa kina vitundu vidogo vya kupitisha hewa, kazi yako inakuwa nyepesi zaidi, kwa sababu ukingo wa herufi utakuwa umekikata kitundu fulani nusu, kingine robo, kingine umekiacha kizima. Hesabu vitundu kutoka mguu wa A ya kwanza mpaka mshono wa bega. Fanya hivyo kwenye jezi, kisha fanya hivyo kwenye picha. Mtu wa stoo anapobandika jina hahesabu vitundu, kwa hiyo jezi mbili za mchezaji mmoja zikikatwa vitundu vilevile kwenye herufi zote saba, basi si jezi mbili.

Usipime kwa rula moja kwa moja kwenye picha. Mchezaji akiinua mkono, kitambaa huvutika na umbali hubadilika. Idadi ya vitundu au nyuzi haibadiliki. Tafuta picha ambayo amesimama wima na mgongo umetazama kamera, hata kama si picha nzuri ya kutundika ukutani.

Ukipata alama moja inayokubali, usisherehekee. Tafuta ya pili mbali na ya kwanza, kwa mfano mahali nembo ya mkononi inapokutana na mshono wa bega, au kona ya chapa ya mdhamini ilivyokaa karibu na mshono wa ubavuni. Tafuta na ya tatu. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: chukua picha ya mchezaji mwingine wa Villa siku hiyo, au ya Samatta kwenye mechi nyingine, uangalie kama alama zilezile zipo. Zikiwepo, hazikuwa za bahati. Zimetoka kiwandani na hazina uzito wowote.

Katika hili wewe una bahati. Hii ni fainali ya Wembley, na wapigapicha wa mashirika makubwa kama Getty Images na Reuters huwa wamejipanga nyuma ya magoli yote mawili. Picha za goli na za kushangilia zipo, tena kubwa na safi. Zile unazoziona bure zina maandishi ya mwenye picha juu yake, lakini kwa ukaguzi wa awali zinatosha. Ikifika hatua ya uamuzi, nunua moja kwa ukubwa kamili. Gharama yake ukiiweka kando ya milioni sita ni ndogo. Video zitakusaidia kujua lini alikuwa wapi na kama alibadilisha jezi, ila usiziamini kwa alama ndogo, maana mchezaji akikimbia kila kitu huwa ukungu.

Kabla hujatumia usiku mzima kuhesabu vitundu, yapo mambo ya kuangalia kwanza ambayo yanaweza kuifunga kesi kwa dakika tano. Angalia mikono. Ukiona ile nembo ya simba ya Ligi Kuu ya Uingereza, kuna tatizo kubwa, kwa sababu fainali ile haikuwa mechi ya Ligi Kuu na mashindano yale yana nembo yake. Angalia tena kama kuna beji ya Black Lives Matter, ile ya kupinga ubaguzi wa rangi. Beji hiyo iliingia kwenye jezi ligi iliporudi baada ya kusimama kwa ajili ya korona, na mechi ya kwanza ya kurudi ilikuwa Villa na Sheffield United tarehe 17 Juni 2020. Jezi yenye beji hiyo haiwezi kuwa ya tarehe 1 Machi hata muuzaji akiapa. Na kwa kuwa ni fainali, angalia kwenye picha za siku ile kama kifuani kulikuwa na maandishi ya mechi, maana fainali nyingi huwekewa. Yakiwa kwenye picha na jezi yako haina, au jezi inayo na kwenye picha hayapo, ishia hapo.

Lebo ya ndani na mkato wa jezi vina msaada mdogo. Ni kweli jezi ya mchezaji mara nyingi hubana kuliko ya shabiki, lakini klabu nyingi siku hizi zinauza jezi za aina ya wachezaji kwenye maduka yao. Na mwandiko wa jina na namba ni wa ligi nzima, unaweza kubandikiwa dukani. Vitu hivi vinaweza kukuonyesha feki ya wazi. Haviwezi kukuthibitishia chochote.

Kuhusu uchakavu niseme kwa uzoefu. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nililipa laki nane kwa jezi iliyokuwa na madoa ya nyasi kifuani na kwenye pindo. Madoa yale ndiyo yaliyonishawishi. Nilikaa nayo siku mbili ndipo nikaigeuza ndani nje chini ya kioo cha kukuzia, mchana, karibu na dirisha. Upande wa ndani doa halikuwepo kabisa. Mchezaji akiteleza kwenye nyasi mbichi uzito wake wote unalisukuma doa ndani ya kitambaa, lakini hapa rangi ilikuwa imelala juu ya nyuzi kama iliyopakwa kwa brashi. Kisha nikaona kitu kilichoniuma zaidi: mikunjo ya kiwandani, ile ya jezi inapokuwa imekunjwa kwenye mfuko wake, bado ilikuwepo kama msalaba kifuani, na doa limepita juu ya mkunjo bila kuukatisha. Jezi ile haikuwahi kufuliwa wala kutokwa jasho. Haikuwahi kuvaliwa hata na yule aliyeniuzia.

Kwa hiyo ikague yako kwa namna hiyo. Igeuze. Angalia ndani ya kola na kwapani, ambako jasho na kusuguana huacha vinyweleo vidogo vya uzi. Angalia kama herufi za mgongoni zina mipasuko midogo kwenye mikunjo ya kawaida ya mwili. Lakini usiikatae kwa sababu ni safi. Watu wa stoo hufua jezi, na jezi iliyovaliwa dakika 45 ikafuliwa vizuri inaweza kuonekana kama mpya. Usafi hauna maana mbaya, na uchafu hauna maana nzuri.

Mtu anaweza kukushauri ununue tochi ya mwanga wa urujuanimno. Kwa jezi ya miaka ya nyuma sana ina kazi, kwa sababu kemikali za kung'arisha nguo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na kitambaa kinachodaiwa kuwa cha kabla ya hapo kikiwaka sana kinatia shaka, ingawa hata sabuni ya kufulia inaweza kukiwasha. Kwa jezi ya 2020 haitakuambia kitu. Pesa hiyo nunulia kioo cha kukuzia cha mara kumi.

Tuje kwenye saini. Tuseme ni ya Samatta kweli. Saini inasema kwamba siku moja alishika kalamu akaandika kwenye kitambaa hicho. Haisemi kwamba alikivaa. Wachezaji husaini jezi za dukani kila wiki, kwenye hafla, hotelini, nje ya mazoezi. Ndiyo maana saini isiongeze hata shilingi moja kwenye imani yako juu ya Wembley. Ikaguliwe kivyake, na bei yake ihesabiwe kivyake.

Cheti nacho kisikutishe. Cheti ni kauli ya mtu iliyoandikwa kwenye karatasi ngumu. Muulize muuzaji: nani alikitoa, aliiona jezi lini, na aliilinganisha na nini? Kama hakitaji picha hata moja, hakina namba inayoweza kutafutwa kwenye kumbukumbu za aliyekitoa, na stika inayong'aa imebandikwa kwenye karatasi tu na si kwenye jezi, basi karatasi hiyo inaweza kufuatana na jezi yoyote duniani.

Mfumo unaofanya kazi upo, na ni vizuri uujue ili ujue cheti chenye nguvu kinafananaje. Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, uchunguzi wa FBI ulioitwa Operation Bullpen ulivunja mtandao mkubwa wa kughushi saini za wanamichezo. Ligi kuu ya besiboli ikajifunza, na mwaka 2001 ikaanzisha utaratibu wake. Kwenye kila mechi anakaa shahidi, ambaye ni askari au aliyewahi kuwa askari, na kitu kikitoka uwanjani, iwe mpira au jezi, anakibandika stika yenye namba yake ambayo ukijaribu kuibandua inaharibika. Namba hiyo inaingia kwenye kumbukumbu na mtu yeyote anaweza kuitafuta. Nguvu ya utaratibu huu haiko kwenye kung'aa kwa stika. Iko kwenye mtu aliyekuwepo akaona kwa macho yake. Jiulize kama aliyetoa cheti chako alikuwepo Wembley.

Bila shahidi wa namna hiyo tunarudi kwenye nasaba ya jezi. Ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, lini, na kwa ushahidi gani? Jezi ya Maradona ilikuwa na nasaba fupi, kutoka mgongoni mwake mpaka mkononi mwa Hodge, na Hodge hakuwahi kufichwa. Nasaba fupi yenye majina ni nzuri. "Ilitoka kwa mtu wa stoo" si nasaba. Mtake muuzaji akuandikie: jina la aliyempa, mwaka, na chochote kinachoonyesha kwamba mtu huyo alikuwa na njia ya kuifikia jezi, iwe ujumbe wa simu, picha, risiti ya kusafirishia au stakabadhi ya mnada wa hisani. Akisema hawezi kutaja, mheshimu, lakini usilipie asichoweza kukitaja.

Sasa vitendo. Kama huwezi kuifikia jezi mwenyewe, mwombe aitandike juu ya shuka jeupe, mchana, karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni, bila flashi. Apige mbele nzima na nyuma nzima, kisha karibu kabisa: nembo ya klabu, mdhamini, kila mkono, kila herufi ya jina, namba, kola, na ndani nje. Kwenye picha mojawapo awe ameweka karatasi yenye tarehe ya siku hiyo kwa mwandiko wake, ili ujue jezi anayo kweli mkononi. Na azitume kwa WhatsApp kama dokumenti, asizitume kama picha za kawaida, kwa sababu picha za kawaida hubanwa na vitundu vyote hupotea.

Kuhusu bei. Wewe unaombwa ulipe bei ya jambo la tatu, goli, wakati ushahidi ulionao haujafika hata jambo la kwanza. Ukitaka kuona pengo hilo lilivyo, itazame jezi ya Babe Ruth, mchezaji maarufu wa besiboli wa Marekani, ya tarehe 1 Oktoba 1932, mchezo wa tatu wa fainali za besiboli pale Wrigley Field, Chicago. Mwaka 2005 iliuzwa kwa dola 940,000. Baadaye wakaguzi wakailinganisha na picha za mchezo ule, na Agosti 2024 ikauzwa kwa dola milioni 24.12. Soko lenyewe lilikuwa limepanda sana kwa miaka hiyo, sikatai, lakini mnunuzi wa 2024 alinunua siku fulani na mchezo fulani, siyo tu jezi ya zamani ya mtu maarufu. Kwa hiyo kama alama zitakubali kwenye picha ya goli, milioni sita lipa bila kusita, na mimi nitakupongeza. Zikikubali kwenye kipindi cha pili tu, shusha bei. Zisipokubali popote, nunua kama jezi ya Villa yenye saini, ukiipenda, kwa bei ya jezi yenye saini.

Na uelewe jambo moja hapa ili usimdhulumu muuzaji. Kutokupata picha inayolingana si sawa na kupata picha inayokataa. Ukikuta kwenye picha ya goli kwamba T ya pili imeinama kulia na yako imenyooka, hiyo siyo jezi ya goli, imekwisha. Lakini ukikosa picha safi ya kuamua, jezi inabaki haijathibitishwa, na mtu anaweza kuwa anasema kweli. Usimwite tapeli.

Wasomaji wangu wa Kenya huniuliza namna hii kuhusu namba za kifuani za wakimbiaji. Kwa hizo kazi ni rahisi kuliko jezi: kila namba imetobolewa pini nne mahali ambapo mkimbiaji mwenyewe alichagua kwa haraka, na karatasi ikalowa jasho ikakunjamana kwa namna yake. Matundu ya pini na mikunjo hiyo huonekana vizuri kwenye picha za mwisho wa mbio.

Kinachoniumiza ni upande wa pili, jezi zetu za zamani. Taifa Stars walikwenda Lagos kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, na mtu akiniletea leo jezi anayosema ni ya safari ile, picha za kulinganisha nazo ni chache mno. Hapo nasaba ndiyo inayobeba karibu mzigo wote. Kama una mzee karibu nawe aliyecheza, au mjane wake, au mtoto aliyerithi sanduku, mwombe akuruhusu upige picha kilichomo, na aseme mbele ya simu yako kwa sauti yake ilivyofika pale. Fanya hivyo hata kama hauzi wala hununui.

Ukiamua kuendelea, usitoe zaidi ya kianzio kidogo, na kwa maandishi: jezi inaelezwa hivi, inadaiwa kuvaliwa mechi hii, kipindi hiki, na ikithibitika vinginevyo ndani ya miezi mitatu, pesa inarudi na jezi inarudi. Mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja na shahidi wake. Picha ukizipata nitumie pamoja na ile ya goli, nami nitaanza na hizo T mbili.